Mawele Yaliyonyimwa Usingizi

Nyinyi vijana mkienda dukani kununua mbegu mnaangalia paketi, mnasoma siku sabini na tano, mnalipa, mnaenda zenu. Hakuna hata mmoja anauliza, hizo siku zilihesabiwa na nani? Basi mimi nawaambia. Zilihesabiwa na mimi. Nilihesabu na vidole vya mikono vikaisha, nikaingia vya miguu vikaisha, nikaazima vya Mzee Njiru, na huyo alikuwa na vidole virefu, kimoja kilikuwa kinatosha siku mbili.

Mimi naitwa Kaburu. Sikusoma. Shule niliingia mara moja tu, nikifuata mbuzi. Haya maneno nayasema na mjukuu wangu Kanana anayaandika, na nimemkataza asininyooshee Kiswahili, maana hiki changu kikinyooshwa kitavunjika. Kazi nilifanya huko Embu kwa shamba la majaribio ya mbegu, mpaka nikazeeka. Kazi yenyewe ilikuwa kujua mmea utatoa ua lini. Mmea ukishatoa ua, siku zilizobaki zinajulikana. Ile siku ya ua ndio ngumu, hiyo ndio inaleta njaa ama inaleta chakula.

Nitawachekesha kidogo, sijui kuongea bila kuchekesha. Lakini mtu nataka kumsema ni Njiru, na nimechelewa sana kumsema.

Nilitoka kwetu Muthara kwa miguu, kwa sababu mjomba aliniambia Embu kuna Mzungu anatafuta watu wa kulinda ndege. Mimi nikaelewa ile ya chuma, ya kupaa. Nikafua shati, nikaaga wasichana wote, nikawaambia naenda kuwa askari wa eropleni. Kufika, napewa kombeo na debe la mawe, naonyeshwa shamba la mawele. Mawele, kwa nyinyi wa chipsi, ni ile nafaka inasimama kama mkia wa paka amekasirika. Watu wa Embu wanaita mwere. Na ndege walikuwa wale wadogo wa mdomo mwekundu, wengi mpaka wakipita saa sita mchana watu wanawasha taa wakidhani ni jioni.

Nyapara alikuwa Njiru. Mtu wa huko chini karibu na Mbeere, mzee kwangu, ingawa sasa nikipiga hesabu alikuwa na miaka arobaini na kitu, mtoto kabisa. Alikuwa mrefu sana. Akiinama kuokota kitu ulikuwa unaweza kunywa chai ukimngojea afike chini. Hakusoma kama mimi, lakini hakuna mmea ulikuwa unaweza kumdanganya.

Wiki ya pili akanitoa kwa ndege.

"Kaburu, kuanzia leo, saa kumi ikifika, hawa wa mstari wa kwanza wote uwalaze."

"Niwalaze akina nani, Mzee?"

"Mawele."

"Niwaimbie pia?"

"Ukiimba wataamka. Funika na pipa, nyamaza, nenda ukakule."

Alikuwa anasema ukweli mtupu. Kulikuwa na mapipa yamekatwa nusu. Mstari wa kwanza unafunikwa saa kumi jioni, unafunuliwa saa mbili asubuhi, hao wanapata usiku mrefu. Mstari wa pili unaachwa vile Mungu alipanga. Mstari wa tatu unawekewa karabai, inawaka usiku, hao hawapati usiku wa maana. Wenzangu walinicheka mpaka wakaniita yaya wa mawele. Nikipita wananiuliza, "Yaya, watoto wamekojoa?"

Yule Mzungu wetu tulimwita Bwana Siku, kwa sababu salamu yake ilikuwa moja tu: "Siku ngapi?" Hata ukimwambia mke wako amejifungua, anauliza siku ngapi. Huyo alituelezea na Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea kuliko changu: "Mawele nahesabu usiku. Kama taa iko, yeye napotea hesabu. Naanza tena."

Tukamwitikia ndio, Bwana, tukamcheka tukiwa tumerudi nyuma ya stoo. Lakini miezi ikaenda, na wale wa pipa wakatoa vichwa mapema, wa kawaida wakafuata wiki tatu nyuma, na wale wa karabai hawakutoa chochote. Majani tu. Wakarefuka mpaka nikasema hawa wanaenda kwa Mungu kuuliza usiku uko wapi. Hapo nikaacha kucheka. Nyuma ya stoo, yaani. Mbele za watu niliendelea.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mapipa hayo hayo. Jumapili moja nilienda sokoni, nikapata watu wa kwetu wameleta miraa ya Laare, maneno yakawa matamu, nikarudi Jumanne. Mawele yamefunikwa siku mbili. Nilifunua nikakuta vitu vyeupe vimelala kama tambi. Bwana Siku alikuja, uso umekuwa rangi ya nyanya, akauliza ni nani. Kabla sijatunga uongo, Njiru akasema, "Ni mimi, Bwana. Nilisahau." Wakamkata mshahara wa wiki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ukifukuzwa nitafundisha mwingine kutoka mwanzo. Nimechoka kuongea."

Sasa sikilizeni, hii ni ya bure. Ukitaka kujua kama mmea wa mawele ama mtama utatoa kichwa, usingoje ukione. Chukua shina moja tu, lipasue na wembe katikati kutoka juu kuteremka, polepole, kama unafungua barua ya mtu. Pale juu kabisa ndani kuna kitu kidogo. Kikiwa laini kama ncha ya sindano, basi bado ni mambo ya majani. Kikiwa kimefura kidogo na kina vinundu kama ulimi wa ng'ombe, hapo kuna kichwa, ngoja wiki nne. Njiru aliita hicho kitu mtoto. Alikuwa anapasua, anasogeza karibu na jicho, anasema "mtoto yuko" ama anasema "tupu." Hakuwa anakosea.

Na ya pili. Bwana Siku alikuwa na mawele ya kigeni, mafupi, ya nchi za jangwani, kichwa kidogo cha kutia aibu. Lakini yalikuwa mepesi, yanakomaa haraka, na yakiwekewa karabai hayajali, yanatoa kichwa tu. Hayahesabu usiku. Tukayaozesha na mwere mkubwa wa Mbeere, ule mtamu unaochelewa. Unavalisha kichwa kofia ya karatasi ili vumbi la maua ya jirani lisiingie, unaleta vumbi la yule unayemtaka, unakung'uta asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Watoto wakazaliwa, tukawapanda. Wote wachelevu kama upande wa Mbeere! Hata mmoja hakukumbuka ule upande wa jangwani. Mimi nikasema kazi imekufa. Njiru akasema, "Ngoja wajukuu."

Wajukuu walipokuja wakagawanyika wenyewe. Ukihesabu wanne, watatu wanachelewa, mmoja amerudi kwa nyanya yake mwepesi. Kama vile nyumbani mtoto anatoka na masikio ya babu ambaye hakuna mtu amewahi kumwona. Wale wepesi tuliwafunga uzi mwekundu, na Njiru akaweka mbegu yao kwa mkebe wa majani ya chai.

Halafu Emajensi ikaingia, ile hali ya hatari Wazungu walitangaza kwa sababu ya watu wa msituni.

Nyinyi mnaisoma kwa vitabu, mimi sitaifundisha. Nitasema ile kidogo iliyonipitia. Watu walitolewa kwa mashamba yao wakawekwa kwa kijiji kimoja, nyumba zimebanana, mtaro umezunguka na miti imechongwa ndani. Hata sisi wa shamba la majaribio tulihamishiwa huko. Nikapewa kibanda karibu na Njiru, mkewe Igoki, na kifunga mimba wao, Wanja, alikuwa wa miaka minne, anaongea kama redio. Asubuhi tunatoka kwa mstari na karatasi ya pasi mkononi. Siku ya kwanza askari akaniuliza jina. Nikasema Kaburu. Akaniangalia juu mpaka chini. "Kaburu? Sasa mbona umeungua?" Nikacheka mimi kuliko yeye. Nilijua mapema kwamba ukimchekesha mtu ana bunduki, unapita.

Juu ya kilima kidogo palikuwa na kampi ya mahomgadi, wale watu weusi serikali iliwapa bunduki watulinde. Na kampi ilikuwa na taa, taa kubwa imefungwa juu ya mlingoti, inaendeshwa na injini ya dizeli, inawaka tangu jua likizama mpaka likitoka. Ilikuwa inamulika mtaro. Na wanawake walikatazwa kulima mbali, wakaambiwa walime pale tu chini ya kampi ambapo wanaonekana, na masaa yenyewe ni machache, filimbi ikilia unaingia ndani hata kama jembe liko hewani. Wakapanda mwere pale, chini ya ile taa, kijiji kizima.

Mwere ukaota vizuri. Ukanenepa. Ukapita kiuno, ukapita kichwa. Watu wakafurahi wakasema mwaka huu hata watoto watakula uji mpaka wakatae. Siku zikafika za kichwa, hakuna kichwa. Zikapita. Hakuna. Na njaa ilikuwa imeshaingia, mahindi yamekwisha, watoto miguu imefura, nywele zimekuwa nyekundu kama za Bwana Siku. Wanja aliacha kuongea. Hapo ndio nilijua ni njaa kweli.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba shamba limelishwa kiapo. Kwamba mtu fulani amezika kitu hapo, na mwere hautazaa mpaka huyo mtu apatikane. Hayo maneno yalizunguka nyumba kwa nyumba.

Jumamosi moja mchana Njiru akaniita twende shambani na Igoki, masaa ya wanawake. Akapasua shina. Tupu. Akapasua lingine. Tupu. Kisha akasimama wima, na kwa urefu wake aliona kitu mimi sikuona.

"Kaburu, angalia kule nyuma ya stoo yao ya mabati."

Kulikuwa na kipande cha mwere kimetoa vichwa. Kipande chembamba, kinaanza pale kwa kona ya stoo na kinapanuka kikiteremka, kimepita kwa shamba la mama huyu, kikapita kwa la mama yule, kama mtu amekata na kisu.

"Ni mbolea ya choo," nikasema.

"Mbolea haina kona. Hicho ni kivuli."

"Kivuli gani, Mzee? Jua liko upande ule."

"Cha taa."

Injini ya kampi ilikuwa kimya mchana, ndege wanalia. Igoki akatuangalia mmoja mmoja. "Mnajua nini hamniambii?"

Njiru akamwambia. Polepole, vile Bwana Siku alitwambia, lakini kwa Kiembu, kwa hivyo ilieleweka. Kwamba mwere unahesabu usiku na hapa hakuna usiku. Kwamba mvua imebaki mwezi mmoja na kidogo. Taa ikizimwa wiki mbili tu, mtoto ataingia ndani ya shina, na akishaingia hatoki tena hata ukiwasha.

"Basi mkawaambie," Igoki akasema.

Mimi nikasema, "Mama Wanja, ukienda kumwambia sajini azime taa, atakuzima wewe kwanza."

"Bwana wenu Mzungu aandike barua."

Bwana Siku alikuwa amepanda meli kwenda kwao likizo ya miezi sita. Aliyeachwa ofisini alikuwa karani, na huyo hata kusaini risiti ya panga alikuwa anatetemeka.

Tukarudi nyumbani. Hapo Njiru akaniambia, "Alhamisi kuna baraza. Nitasema. Mimi naonekana mtu wa hapa, wanaweza kunifikiria vibaya. Wewe ni mtu wa Meru, huna ukoo hapa, huna mtu msituni. Ukisema na wewe umeona, wataamini. Utasema?"

Nikasema nitasema. Niliapa na jina la mama.

Alhamisi tukakaa chini, kijiji kizima. Sajini wa mahomgadi alikuwa kwa kiti, kofia imelala upande. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha, hilo nalikumbuka, na ndio maana alinizoea. Akasema yale ya kila wiki, ya mtaro na ya kutolisha watu wa msituni, halafu akauliza kama kuna mtu ana neno. Huwa hakuna.

Njiru akasimama. Alichukua muda kusimama, urefu ule. Mkononi alikuwa na mashina mawili ya mwere, moja lina kichwa, moja halina.

"Afande, mimi ni nyapara wa shamba la majaribio. Hii mimea haina ugonjwa. Haina kiapo. Inanyimwa usiku na ile taa. Naomba wiki mbili za giza. Na kama giza haiwezekani, tufunge gunia kwa taa upande huu wa shamba tu. Mtaro na msitu taa iendelee kuona."

Sasa vijana, hapo ndipo neno moja lilimponza mtu. Hakuna aliyesikia gunia. Wote walisikia giza.

"Unataka giza," sajini akasema.

"Ya mimea, afande."

"Wiki mbili."

"Zinatosha."

"Zinatosha nini? Zinatosha nani kuingia hapa?"

Watu wakainama. Njiru akasema, bila kupandisha sauti, "Huyu Kaburu tunafanya hii kazi pamoja. Yeye ndiye anafunika mimea na pipa. Muulizeni."

Sajini akageuka. Na mahomgadi wawili nyuma yake wakageuka pia.

"Kaburu. Ni kweli mimea inalala?"

Nilisimama. Niliona mashina mawili. Nilimwona Igoki, amebeba Wanja mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Nilijua kila kitu. Nilijua kuliko mtu yeyote kwa hiyo baraza, isipokuwa mmoja. Na mdomo wangu ukafungua, ukasema hivi:

"Afande, kwetu Meru mimea haina kitanda. Labda hii ya Embu imezoea blanketi."

Sajini alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mahomgadi wakacheka. Na watu wetu pia wakacheka, kwa sababu waliona sajini ameanza kucheka, na walikuwa wanatafuta mlango. Kicheko cha watu wenye njaa ni kibaya, kinatoka kama kikohozi. Mimi nikacheka na wao.

Njiru hakunikasirikia. Aliniangalia vile alikuwa anaangalia shina akishalipasua.

Lori lilimchukua kabla ya saa tisa. Walimfunga mikono na hakuinamisha kichwa kuingia, akagonga chuma cha juu, na watu wengine wakacheka tena.

Jioni Igoki alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Kaburu, kwa nini ulicheka?"

"Mama Wanja, mimi sikucheka. Walicheka wao."

"Wewe ndiye ulipika."

Mvua ikaisha. Mwere ukakauka umesimama, mrefu, mzuri, bila hata punje, tukakata tukalisha ng'ombe wa kampi. Wanja alikufa wiki ya pili ya kiangazi. Shimo nilichimba mimi, nilikuwa nimeshazoea kuchimba, huo mwezi nilichimba mengi. Lake lilikuwa fupi. Igoki aliniachia jembe akakaa pembeni.

Ile mbegu ya wajukuu ilikuwa bado kwa mkebe, huko kwa shamba la majaribio. Kabla ya mvua nyingine kuja nikaiba. Niliishona kwa pindo la kaptura, kidogo kidogo, siku baada ya siku, nikapita kwa lango nimejazwa mawele kama kuku wa sikukuu, na askari ananisachi huku namwambia mzaha. Nikampelekea Igoki. Nilimwambia, "Hii haihesabu usiku. Ndiyo ile ya uzi mwekundu." Akapanda, akagawia majirani. Hakuniambia asante, na nashukuru kwamba hakuniambia.

Ikatoa vichwa. Chini ya taa ile ile, inawaka usiku kucha, mwere ukatoa vichwa, vidogo kama kidole gumba lakini vya kweli. Ndege wakaja wote, maana shamba likikomaa peke yake mapema linakuwa hoteli ya nchi nzima. Hilo pia mjue: mbegu nyepesi ipandwe na kijiji kizima, ukipanda peke yako umewapandia ndege. Wanawake walisimama pale kwa zamu mpaka filimbi, wakipiga madebe. Tukavuna. Watoto wakanywa uji.

Na hapa ndipo pananiuma kuliko lori. Watu walikula wakashiba, wakaanza kusema, "Mmeona? Njiru ameondolewa, na shamba limezaa. Ni yeye alikuwa amelilisha kiapo." Igoki akawaambia ni mbegu, ni mbegu ya mumewe. Wakasema mke atasema nini kingine. Mimi nilikuwa hapo na bakuli yangu. Kusema ni mbegu ni kusema nimeiba mali ya serikali. Nikapuliza uji.

Bwana Siku aliporudi aliniuliza Njiru yuko wapi. Hiyo siku nilimwambia yote, kwa faragha, mlango umefungwa. Akaandika barua, nyingine, nyingine. Sijui kama zilisaidia ama muda tu uliisha. Njiru alirudi baada ya miaka mitatu, akitoka huko kwa makambi ya kufungia watu, nchi ya joto. Kijiji kilikuwa kimeshavunjwa, watu wamerudi kwa mashamba yao. Alikuwa amekonda na mgongo umejipinda, sasa alikuwa urefu wa watu wengine.

Akarudi kazini. Asubuhi ya kwanza nilimfuata mpaka kwa mstari wa tano, nikaanza kusema, "Mzee, ile siku..." Akanikata.

"Hawa wamepandwa lini?"

"Jumatatu ya juzi."

"Andika."

"Sijui kuandika, Mzee."

"Basi kumbuka."

Tukafanya kazi pamoja miaka mingine kumi na moja. Alinifundisha mpaka yale alikuwa hajanifundisha. Tulikula chakula kimoja. Na hiyo miaka yote, nikitoa mzaha, wafanyakazi wanaanguka chini, Bwana Siku anafuta macho, Njiru anaendelea kufunga uzi. Hakucheka hata mara moja. Nilijaribu yote. Nilijaribu kutembea kama kuku mbele yake, mimi mtu mzima nina watoto wanne.

Majirani hawakula kwake. Wakipitia kwake wanakataa hata maji. Kijana wake mkubwa alirudishwa mara mbili alipokuwa anatafuta mke, kwa sababu ya ukoo wa kiapo.

Alipougua nilienda kumwona. Igoki akatuacha. Nikakaa kwa kigoda, na hiyo mara moja tu maishani mwangu sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Nikasema, "Ilikuwa taa. Nilijua ni taa."

Akafumbua macho. "Sema kwa sauti."

"Ilikuwa taa, Mzee. Nilijua."

"Mimi najua kwamba ulijua." Alipumua kidogo. "Waambie wao."

Siku ya mazishi waliniita niongee, kama mtu wa kazini kwake. Watu walikuwa wengi, wale wale wa baraza, sasa wamezeeka, wamevaa makoti. Nilisimama. Nikawaona wameshaanza kutabasamu, wananingojea, kwa sababu Kaburu akisimama ni kuchekesha. Na nikawachekesha. Sitarudia nilichosema. Kaburi liko wazi hapo mbele yangu na mimi nawachekesha, na Igoki akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka akaenda nyuma ya nyumba.

Igoki naye amekufa. Sajini alikufa. Wale wa baraza sidhani wamebaki wawili, na masikio yao hayafanyi kazi. Waliobaki ni watoto wa watoto, na nasikia huko chini bado kuna nyumba zinaambiwa msioe kwa akina Njiru, babu yao alifunga shamba watoto wakafa.

Kanana, andika vizuri hapa.

Njiru hakufunga shamba. Ilikuwa taa ya kampi. Mawele ya Mbeere hayatoi kichwa penye mwanga usiku kucha, hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa, mtu yeyote wa kilimo atawaambia. Njiru aliliona hilo kwa macho yake, akasimama mbele ya bunduki akalisema, akaomba gunia moja. Nami nilikuwa hapo, niliulizwa, nilikuwa najua.